Nguo za Mtu Ambaye Hajafika

Wajukuu zangu mnaoanza kazi za mashirika, nawaona mkipita hapa Butimba na vitambulisho shingoni, mnaniamkia shikamoo huku mnatazama saa. Marahaba. Juzi mmoja wenu, binti wa jirani yangu, aliniuliza kama ni kweli niliwahi kufanya kazi ya misaada. Nikamwambia ndiyo, miaka sita. Akauliza cheo changu. Nikasema mtunza stoo. Akanitazama kwa huruma, kisha akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Ndiyo sababu nimekaa kuandika, maana naona mnafikiri misaada hujipeleka yenyewe.

Nianze na jambo la maana kuliko yote niliyojifunza: sabuni isikae karibu na unga. Mtacheka, lakini mimi sikucheka. Wiki ya pili tangu niajiriwe nilipanga godauni likapendeza, katoni za sabuni ya kufulia juu ya magunia ya unga wa uji wa watoto, mistari imenyooka kama darasani. Joto la bati na unyevu wa ziwa vikafanya kazi yao kwa siku kumi. Uji ulipopikwa kule kwenye kambi ya wakimbizi ukanukia kama nguo za Jumapili. Ikaja barua kwamba watoto wengi wameukataa, na wachache waliokunywa hawana tatizo isipokuwa wananukia vizuri. Bosi aliisoma mbele ya wafanyakazi wote bila kutabasamu. Tangu siku hiyo nilikuwa nanusa kila gunia kabla halijatoka, na hata leo nikinunua unga dukani nanusa kwanza, mwenye duka ananichukia.

Niwaeleze ilikuwa kazi gani. Miaka hiyo ya tisini nchi za jirani, ng'ambo ya ziwa, zilikuwa zinawaka moto. Wanawake walivuka mpaka kwa miguu wakiwa na watoto mgongoni, wengine na mimba za miezi minane, wakaishi kwenye mahema kule magharibi. Vita yenyewe ilikuwa karibu na mahema hayo kiasi kwamba kule usiposikia bunduki siku mbili unajiuliza kuna nini. Vitu vyao vilikuja Mwanza kwa treni na ndege, sisi tukavihesabu na kuvifunga, vikavuka ziwa kwa meli hadi upande wa Bukoba, halafu malori yakavipokea. Mwanza ndiyo ilikuwa jiko, ingawa aliyekula alikuwa mbali na hatukumwona.

Nilivyoipata kazi hiyo ni aibu kidogo. Miaka kumi na tano nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba la ushirika. Likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia Magu na vijijini kote na mizani zao zenye miujiza, ushirika ukakauka, sisi tukapewa barua ya kutushukuru. Nikakaa miezi saba nyumbani nikikaanga vitumbua. Siku moja nasikia lile godauni letu limepangishwa kwa shirika la wazungu, na kwamba tangu asubuhi wanahangaika na mlango. Nikakumbuka kwamba katika shukrani zote zile hakuna aliyeniomba ufunguo. Nikaenda, nikafungua. Bosi akaniuliza mimi ni nani, nikasema mimi ndiye mtunza stoo. Hakuna usaili mfupi kama huo katika historia ya Nyamagana.

Bosi huyo aliitwa Henriki, mtu wa nchi ya baridi, mrefu, mpole, mwenye orodha. Makuli walimwita Bwana Orodha. Alikuwa na orodha ya vitu, orodha ya watu, na orodha ya orodha. Msinielewe vibaya, mimi nilimpenda, maana mtu aliyelelewa na mizani hawezi kuchukia orodha. Pamoja naye tulimchukua Mzee Malimi, aliyekuwa mshonaji wa marobota ya pamba tangu mimi ni msichana. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga mzigo. Aliniita ng'wanawane, yaani mwanangu kwa Kisukuma chetu, na akinikosoa alianza na hilo neno, ikawa nikilisikia tu natafuta kosa langu.

Mzee Malimi alikuwa na utaratibu wake. Ukishafunga mzigo, alikuambia ukae chini, ufumbe macho, uufungue kwa kufikiria: mikono yako ni ya nani, umechoka kiasi gani, unahitaji nini kwanza? Alitaka kinachohitajika kwanza kiwekwe juu. Mimi nilimwona anachelewesha kazi. Pamba haina haja ya kufikiriwa namna hiyo, nilimwambia, na yeye akajibu kwamba hii si pamba.

Sasa nije kwenye kifurushi.

Kilitengenezwa kwa ajili ya mama mjamzito, agawiwe akiwa na miezi saba. Orodha yake ilikuja kutoka makao makuu, ina mhuri na sahihi tatu. Kulikuwa na wembe mpya ndani ya karatasi yake, uzi wa kufungia kitovu, nailoni safi ya kulalia wakati wa kujifungua, kipande cha sabuni, na pamba ya hospitali. Ile pamba ilitoka Ulaya. Mwanza nzima tulikuwa tumepoteza kazi kwa sababu pamba haina soko, na mimi nikasimama katikati ya ghala la pamba nikipokea katoni za pamba kutoka kwa watu wasioilima. Mzee Malimi aliishika, akaivuta kwa vidole kama anavyopima daraja la pamba, akasema ni nzuri, huenda ni yetu imerudi kutembea.

Hivyo vilikuwa vya kumsaidia mama asife na mtoto asipate pepopunda, kwa sababu kule wengi walijifungulia hemani na kitovu kilikatwa kwa chochote kilichopatikana. Lakini makao makuu hawakuishia hapo. Juu kabisa waliweka nguo za mtoto: fulana mbili, soksi, blanketi dogo, na kofia ya sufu yenye picha ya dubu, iliyofumwa na bibi fulani ambaye hajawahi kuonja joto letu. Vyote vilifungwa kwenye nailoni inayoonyesha. Henriki alisema mama ana haki ya kuona anachopewa kabla hajakipokea, na kwamba huo ndio uwazi. Neno uwazi wakati ule lilipendwa sana.

Hapa ndipo nilipokosea, na sikukosea kwa kutojua.

Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza nilinunua blanketi dogo sokoni, la bluu, nikalikunja chini ya mto. Mama mkwe alilikuta. Hakugombana. Alilichukua akalipeleka kwa jirani wa tatu, akarudi akaniuliza mtoto hajafika, namtandikia nani. Kwetu nguo hazitangulii. Anayezitanguliza anaita macho mabaya, na mambo mengine ambayo hata leo nisingependa kuyaandika. Nikajifungua mapacha, Kulwa na Doto, hakuna hata kitambaa ndani, na kabla ya jioni majirani walikuwa wameleta nguo hadi hakuna pa kukaa. Kwa hiyo nilijua. Na kama sisi tusio na vita tunaogopa hivyo, mwanamke wa kule aliyezika watoto wawili njiani ataogopa vipi?

Siku Henriki alipotuonyesha kifurushi cha kwanza, mdomo wangu ulifunguka. Nikauona mhuri, nikaziona sahihi tatu, nikakumbuka miezi saba ya vitumbua, mdomo ukajifunga. Nikajiambia wale wanawake ni wa nchi nyingine. Nikajiambia wataalamu wameshalifikiria. Ninyi mliosoma mna majina mazuri ya jambo hilo, lakini mimi nililiita heshima, na lilikuwa woga.

Tena nikaongeza langu. Vitu vilikuwa vinaibiwa njiani, kifurushi kinafika kambini sabuni imekwisha kushuka bandarini. Nikabuni fundo. Nilikaza kamba ya nailoni mara mbili, nikayeyusha ncha kwa mshumaa, nikagandamiza kwa kizibo cha soda, ikabaki alama ya meno. Hakuna mtu angeweza kufungua na kufunga tena bila kujulikana. Nikamwandikia Henriki na kanuni yake: kifurushi kilichofunguliwa kimeharibika, kisigawiwe kwa mtu, kirudishwe stoo, na mtunza stoo ndiye aamue kifanyiwe nini. Henriki aliipenda mno. Akaipiga chapa, akaibandika kwenye kila meza ya ugawaji kambini, na nakala moja akaitundika juu ya meza yangu. Wizi ukaisha kabisa. Nilitembea mjini kama mtu aliyevumbua umeme.

Mwezi wa pili lori letu la bandarini likarudi kutoka melini na vifurushi zaidi ya nusu ya tulivyopeleka. Fundo zima, alama ya kizibo ipo. Karatasi iliyoambatana navyo ilisema akina mama wamevikataa.

Ikaitwa semina. Siku mbili tulikaa kwenye hoteli ya kando ya ziwa, tukinywa chai na kujadili kwa nini mwanamke mkimbizi akatae zawadi. Mtaalamu mmoja alisema ni rangi. Blanketi jeupe linawakumbusha sanda. Wote wakaandika. Tukabadilisha mablanketi yote yakawa ya njano, vifurushi vikapelekwa, vikarudi. Semina ya pili ikaona kwamba akina mama hawaelewi kifurushi ni cha nini. Ikaamuliwa kila kifurushi kibandikwe picha kubwa ya mtoto mchanga anayecheka.

Picha zilipofika Mzee Malimi alichukua moja, akaitazama, akaanza kucheka taratibu, akacheka hadi akakaa juu ya gunia. Halafu akaacha kucheka na kuniuliza nina watoto wangapi. Nikasema saba.

"Na hujamwambia Bwana Orodha?"

Nikamuuliza mbona yeye hakumwambia. Akasema yeye ni mwanamume, ayajulie wapi mambo ya uzazi. Tukatazamana, halafu kila mmoja akarudi kubandika watoto wanaocheka. Safari hiyo vilirudi vyote.

Basi wakati huo kuna mama mmoja aliletwa kwa ndege ndogo kutoka kambini hadi hospitali kubwa ya hapa mjini. Alikuwa amejifungua siku kumi tu zilizopita, ana homa kali ya uzazi. Henriki aliniagiza nimpelekee sabuni, kanga na uji kwa kuwa ni mtu wetu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka mzima kumwona mtu mmoja kati ya wale niliowafungia mizigo.

Jina lake Yosefina, Mrundi, si zaidi ya miaka ishirini na miwili. Alijua Kiswahili kwa sababu kwao walikuwa wanauza samaki ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Siku ya kwanza homa ilikuwa haijamwachia. Siku ya tatu homa imeshuka, nikamkuta amekaa, nikamwosha mgongo, tukaanza kuzungumza. Akanisimulia kwamba mtoto wake aliishi siku saba. Alizaliwa na sauti kubwa, siku ya sita akakaza taya asiweze kunyonya, siku ya saba akaondoka. Nikamuuliza kitovu walikikata kwa kitu gani. Akasema kwa ganda la muwa.

Nikamuuliza kama hakupata kifurushi. Sijui kwa nini niliuliza. Nafikiri nilitaka aseme hakupata, ili lawama iende kwa watu wa malori.

"Nilipata," akasema. "Nikakirudisha. Mama, mlituletea nguo za mtu ambaye hajafika. Ningeziweka wapi? Hema ni moja. Nikilala naziona, nikiamka naziona."

Akaendelea kukunja kanga yake.

"Wembe niliuona ndani. Niliwaomba wanipe wembe na uzi tu, nguo wabaki nazo. Wakanionyesha karatasi mezani, wakasema fundo halifunguliwi."

Wajukuu zangu, nimeishi miaka mingi na nimesikia mengi, lakini sentensi hiyo bado naisikia. Ile karatasi ilikuwa yangu. Niliiandika kwa mkono wangu na kujisifu nayo. Kati ya mtoto yule na wembe safi kulikuwa na nailoni, kofia yenye dubu, na fundo langu. Nililia pale wodini, na Yosefina aliyefiwa akaanza kunibembeleza mimi, hajui kwa nini nalia. Nikamweleza. Nilimwambia kila kitu, fundo, mhuri, mama mkwe na blanketi la bluu. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunigombeza wala hakuniambia si kitu. Aliuliza tu kama wale wengine waliobaki kambini, wenye mimba, nao watapelekewa vile vile.

Kulipokucha nilikuwa mlangoni kwa Henriki kabla hajafika. Nikamwambia yote kwa kifupi, nimesimama. Akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalingojea.

"Kwa nini hukusema?"

Nikamwambia orodha ilikuwa na mhuri.

Mzungu yule, na orodha zake zote, alikuwa mtu. Akavua miwani, akasema alifanya semina mbili, akaita wataalamu kutoka miji mitatu, na meza ya mtunza stoo ilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni pake. Kisha akaandika makao makuu kuomba kibali cha kutenganisha vitu: vya kujifungulia apewe mama mapema, vya mtoto akabidhiwe mkunga kambini avitoe mtoto akishafika. Jibu lilikuja upesi ajabu. Lilisema ombi limepokelewa na litajadiliwa katika kikao kijacho, na kwamba hadi hapo kifurushi ni kimoja na kisibadilishwe.

Meli ilikuwa inaondoka Alhamisi. Ilikuwa Jumanne. Kikao kijacho kilikuwa baada ya wiki sita, na mimba hazijui habari za vikao.

Henriki alisimama mbele ya meza yangu akisoma ile kanuni yangu iliyotundikwa ukutani, kama anaisoma mara ya kwanza. Akaisoma tena kwa sauti, polepole, kwa Kiswahili chake cha kuvunja mawe: kifurushi kilichofunguliwa kimeharibika, kirudishwe stoo, mtunza stoo ndiye aamue. Halafu akatazama dari, akasema anaona safari zile za kwenda na kurudi lazima zimeharibu vifurushi vingi, na kwamba yeye anakwenda kunywa chai. Chai yake ilichukua siku mbili.

Mzee Malimi alikuwa ameshachukua kisu.

Tulikata mafundo yangu yote. Nilikata mengi kwa mkono wangu na sikuona uchungu hata kidogo. Makuli walisaidia, na wake zao, na walimu wawili wanafunzi kutoka chuo cha hapa Butimba waliokuwa likizo. Tuliweka wembe, uzi, nailoni ya kulalia, sabuni na pamba kwenye mfuko wa gunia usioonyesha kitu, Mzee Malimi akatufundisha kushona mdomo kwa mshono wa robota, ule ambao ukivuta uzi mmoja wote unaachia. Alisema mama aliyeshikwa na uchungu hana muda wa kupambana na fundo. Nikakaa chini, nikafumba macho, nikafungua mfuko kwa kufikiria, mikono si yangu. Wembe nikautoa chini, nikauweka juu. Mfuko tuliuita wa sabuni, na mama akija mezani anaambiwa aje achukue sabuni. Hakuna aliyedanganywa, sabuni ilikuwamo.

Nguo za mtoto zilikwenda kwenye mzigo wa pembeni, kwa jina la mkunga. Picha za mtoto anayecheka tulibandika ofisini, zikaziba nyufa.

Meli iliporudi, lori letu lilitoka bandarini tupu. Ninyi mnapenda picha, mnapiga picha mkikabidhi ndoo moja ya mafuta watu kumi mmeishika. Sisi hatukuwa na kamera siku ile. Nilipanda nyuma ya lori nikatazama mabati matupu na vumbi, Mzee Malimi akaniuliza natafuta nini, nikasema sitafuti kitu.

Kikao cha wiki sita, kwa taarifa yenu, kilikaa. Kilisifu matokeo mazuri ya picha ya mtoto.

Narudi kwa Yosefina, maana nilikuwa sijamaliza kukosea. Siku anaruhusiwa kutoka hospitali nilitaka kumpa kitu. Moyo wangu ulikuwa mzito, na mtu mwenye moyo mzito hufanya upumbavu kwa haraka. Nikachukua nguo za mtoto kamili, blanketi la njano, kofia, soksi, nikazifunga furushi moja zuri nikampelekea. Nikamwambia za baadaye, Mungu akimjalia. Yaani mimi, niliyelia wodini, niliyekata mafundo siku mbili, nikamkabidhi mwanamke aliyezika mwezi uliopita nguo za mtu ambaye hata mimba yake haipo.

Alilishika lile furushi kwa mikono miwili, kwa adabu, akaniangalia, na mimi nikajiona. Nikataka ardhi inimeze. Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza nimwone akitabasamu, akanirudishia.

"Kaa nalo wewe, mama. Likae mbali na mimi. Nikihitaji nitakuambia."

Akapanda ndege. Mimi nikarudi na furushi, nikaliweka rafu ya juu kabisa, nikaandika kadi: Yosefina, lisitolewe. Likakaa. Wakaguzi walipita mara tatu wakauliza kwa nini mzigo mmoja hautoki, nikawaambia mwenyewe yuko njiani. Henriki akahamishwa, akaja bosi mwingine, kijana, mwenye kompyuta na fomu kwa kila kitu hata kufungua dirisha. Akaniamuru niondoe vitu visivyotumika. Niliondoa vingi. Kule kambini Yosefina, nilisikia, alikuwa amewekwa kwenye meza ya ugawaji, anawaita akina mama waje wachukue sabuni. Kila meli ilipoleta karatasi zake niliona sahihi yake, herufi kubwa zilizoinama. Hakuandika neno lingine. Vita kwao haikuisha, na mimi nikawa naogopa mwezi ambao sahihi ile haitakuja.

Ukaja mwezi haikuja. Nikauliza watu wa meli, hawakujua. Mwezi wa pili haikuja pia. Nikaacha kuuliza. Kila nikipita chini ya ile rafu nilitazama sakafu.

Mwezi wa tatu baharia mmoja tuliyezoeana alikuja godauni akanipa kipande cha katoni ya sabuni kilichokunjwa. Ndani kulikuwa na herufi kubwa zilizoinama, maneno mawili: NILETEE LILE.

Nilikaa juu ya gunia la unga. Mzee Malimi aliyekuwa anashona akaniuliza kuna nini, nikampa asome, na yeye hajui kusoma, akaitazama sana, akatazama uso wangu, akaweka sindano chini na kunyanyua ngazi kuipeleka kwenye rafu.

Bosi kijana alisema mzigo hauwezi kutoka bila fomu. Nikamwambia hakuna tabu, alete. Nikajaza jina la mpokeaji, aina ya mzigo, idadi: moja. Chini kulikuwa na mstari unaouliza sababu ya kutoa mzigo stoo. Mistari hiyo huwa najaza "kama ilivyoagizwa", miaka yote. Siku ile niliandika neno moja, nikatia sahihi, nikabeba mzigo mwenyewe hadi kwenye meli.

Nilipokuwa kwenye ngazi ya meli bosi akanifuata mbio na ile fomu mkononi, anataka nieleze vizuri, kwa sababu makao makuu watauliza ni nani huyo na amefika wapi.

Nikamwambia hivyo hivyo inatosha. Niliandika: Amefika.